Antivairasi inasema kuna anayeskani poti za kompyuta yangu, je nimeshadukuliwa?

*Swali:* Habari za kazi mtaalamu. Nina steshenari ndogo hapa Moshi, Majengo. Kompyuta ziko mbili, moja Windows 10 na nyingine ya zamani ya Windows 7, printa moja ya waifai na ruta ya laini ya simu, waifai tunashea na saluni ya jirani. Tangu wiki iliyopita antivairasi ya ile ya Windows 10 inatoa ujumbe mwekundu mara nyingi kwa siku, kwamba imezuia shambulio la kuskani poti kutoka 192.168.1.104. Na siku bando la ruta likiisha nikachomeka modemu ya USB zinakuja namba nyingine kabisa, kila mara tofauti. Fundi mmoja kaniambia mdukuzi ameshaingia, nimpe laki na nusu apige Windows upya. Mwingine kasema nizime tu notifikesheni. Hizi kompyuta ndo tunajazia watu maombi ya mkopo wa chuo, ajira, na kuna picha za vitambulisho vyao. Nimeshadukuliwa? Nifanye nini?

*Jibu:* Salama dada, na pole na presha. Nianze na unachotaka kujua, ule ujumbe peke yake hauonyeshi kwamba umedukuliwa. Unasema kuna kifaa kimejaribu kugusa poti kadhaa za kompyuta yako harakaharaka na antivairasi ikakikatalia, basi. Aliyekwambia mdukuzi yuko ndani ameruka hatua nyingi sana. Ila na huyu wa kuzima notifikesheni sikubaliani naye hata kidogo, manake kwenye maelezo yako kuna kitu wote wawili hawakukiangalia, hiyo 192.168.1.104. Namba hiyo haitoki Urusi wala China wala Dar, kifaa chenye hiyo namba kiko hapo hapo dukani kwako au kwa jirani yako wa saluni. Nitaifikia, ila kwanza nikueleze poti zenyewe, ukizielewa hata fundi akija utajua anachokwambia kina maana au hakina.

Kompyuta ikiwa mtandaoni inakuwa na anwani moja lakini ndani yake programu nyingi zinaongea na nje kwa wakati mmoja, kivinjari, apdeti, printa, WhatsApp ya kwenye kompyuta. Ili mazungumzo yasichanganyike kila moja linapewa namba, hizo ndo poti, zinaanzia 0 mpaka 65535. Baadhi kazi yake inajulikana dunia nzima: 443 ni ya tovuti zenye kufuli, 445 ni ya Windows kugawana mafaili na printa, 3389 ni ya kuingia kwenye Windows ukiwa mbali, 23 ni ya njia moja ya zamani sana ya kuamuru ruta na vifaa vingine. Watu wengi wanadhani poti ni matundu kwamba kila kompyuta imetoboka mara elfu sitini na ushee, siyo hivyo. Poti inakuwa wazi pale tu kuna programu imekaa nyuma yake inasikiliza, kama hamna programu inayosikiliza basi hamna wa kuvamiwa hapo.

Sasa anayeskani anatuma kipakiti kifupi cha kuomba mazungumzo, poti moja baada ya nyingine, halafu anaangalia anajibiwaje. Akijibiwa karibu, anajua iko wazi. Akijibiwa hapana, imefungwa, lakini ameshajua hapo kuna kompyuta. Asipojibiwa chochote, kimya kabisa, anajua kuna faiwoli, yaani programu ya kuzuia maombi yasiyotakiwa, inameza maombi yake. Ni kama mtu anayepita usiku kwenye korido ya frem za maduka anagusa kitasa kimoja kimoja, ambaye kitasa chake kimeguswa hajaibiwa bado, anayetakiwa kuogopa ni yule aliyelala hajafunga.

Na wanaopita ni wengi kuliko unavyofikiria. Anwani za intaneti za mfumo wa zamani, ule ambao bado unatumika sana, zote duniani ni kama bilioni 4.3, zinaonekana nyingi lakini mwaka 2013 watafiti wa Chuo Kikuu cha Michigan walitoa programu inaitwa ZMap inayoweza kupitia zote kwa poti moja chini ya dakika 45, kwa kompyuta moja yenye laini nzuri. Kuna Shodan tangu 2009, kazi yake ni kuzunguka intaneti nzima ikiandika kila kifaa kilichojibu, na yeyote anaweza kwenda kutafuta humo. Kuna vyuo, kuna kampuni za usalama, halafu kuna maelfu ya mashine zilizokwisha ambukizwa ambazo zinaskani zenyewe saa 24 bila mtu kukaa mbele yake. Nmap yenyewe, programu ya skani inayojulikana kuliko zote, ipo tangu 1997 na wanaoitumia kila siku ni mafundi wa mitandao kukagua mitandao yao. Kwa hiyo zile namba tofauti tofauti unazoziona ukiwa kwenye modemu ya USB ndo hizo, hakuna aliyekaa mahali akaichagua steshenari ya Majengo, wanapita kwa wote.

Kwanini ukiwa kwenye ruta huzioni na kwenye modemu unaziona? Ruta inasimama katikati, vifaa vyako vyote vinatokea nje kwa anwani moja ya ruta, na mtu wa nje akituma ombi ambalo hakuna kifaa cha ndani kilichoanza kuliomba ruta haijui ilipeleke kwa nani, inalitupa. Modemu za kuchomeka, hasa za zamani, nyingi zinaipa kompyuta yako anwani moja kwa moja kutoka kampuni ya simu na hapo kinachobaki ni faiwoli ya kompyuta yenyewe. Habari njema Windows inakuja na faiwoli imewashwa tangu 2004, ilipotoka Service Pack 2 ya XP. Ukichomeka modemu Windows ikikuuliza mtandao huu ni wa aina gani chagua wa umma, yaani Public, hapo inajificha na kugawana mafaili kunazimwa. Hilo tu linatosha kwa upande wa modemu, na ujumbe ukija ukiwa humo usome uendelee na kazi.

Turudi kwa 104 sasa, hapa ndo pa kukaa.

Anwani zinazoanza na 192.168 zimetengwa kwa matumizi ya ndani tu, pamoja na zinazoanza na 10, na zile za 172.16 mpaka 172.31. Hazisafiri kwenye intaneti. Kwa hiyo ukiwa kwenye ruta ukiona moja yake kwenye ujumbe wa antivairasi jua aliyegusa yuko kwenye waifai hiyo hiyo. Na hii ina maana mbili zilizo mbali sana. Inaweza kuwa kitu cha kawaida kabisa, printa za waifai, ruta zenyewe na app za simu za kutafuta televisheni au printa huwa zinauliza uliza kwenye mtandao na antivairasi nyingi zinayaita hayo mashambulizi. Au inaweza kuwa mashine iliyoambukizwa inatafuta wenzake wa kuambukiza, na hiyo siyo ya kuchelewesha.

Mimi ningeanza na hiyo ya Windows 7. Microsoft waliacha kuipa apdeti za usalama tarehe 14 Januari 2020, maana yake kila udhaifu uliogundulika baada ya hapo umebaki hivyo hivyo kwenye mashine yako. Labda unakumbuka WannaCry ya Mei 2017, ile iliyofunga mafaili ya watu dunia nzima mpaka hospitali za Uingereza zikakwama. Haikuhitaji mtu abonyeze kitu, ikishaingia kwenye mashine moja ilikuwa inaskani mashine za mtandao wa ndani pamoja na anwani za nje za kubahatisha, inatafuta poti 445, ikiikuta wazi kwenye Windows isiyo na apdeti inaingia. Na dawa ilikuwa imeshatoka tangu Machi mwaka huo huo, miezi miwili kabla, walioumia walikuwa hawajaapdeti, na wengi wao walikuwa kwenye Windows 7. Kirusi cha tabia hiyo kikiwa kwenye mashine yako ya zamani, ile ya Windows 10 iliyo pembeni yake itatoa ujumbe huo huo unaouona wewe.

Kuhakikisha ni rahisi na hulipi mtu. Nenda kwenye Windows 7, bonyeza Start andika cmd, likifunguka dirisha jeusi andika ipconfig, angalia mstari wa IPv4. Ikiwa ni 192.168.1.104, umempata. Kama siyo, angalia printa, nyingi zina menyu ya mtandao inayoonyesha anwani au zinachapa karatasi yenye taarifa hizo. Kama siyo printa, ingia kwenye ukurasa wa ruta yako (mara nyingi unaandika 192.168.1.1 kwenye kivinjari, la sivyo angalia lebo chini ya ruta) utaona orodha ya vifaa vilivyounganishwa na majina yake. Simu za saluni zitakuwa humo. Ila fanya hivyo siku ile ile ujumbe ulipotokea, ruta inagawa namba upya na 104 ya leo inaweza kuwa simu ya mtu mwingine kesho kutwa. Ukishindwa kabisa zima kifaa kimoja kimoja uone ujumbe unakoma kwa kipi, inachukua muda lakini haidanganyi.

Ikiwa ni printa, na ujumbe unakuja pale mnapochapa au mnapoiwasha, iambie antivairasi imwamini huyo mmoja tu, usizime ulinzi wote. Ikiwa ni simu ya jirani muulize kwa upole ameweka app gani. Na kwa kweli waifai ya kompyuta zenye vitambulisho vya watu isishewe na saluni, ruta nyingi zina sehemu ya waifai ya wageni, iwashe, jirani na wateja wakae huko, wataendelea kupata intaneti yao lakini hawataziona mashine zako.

Ikiwa ni ile Windows 7, itoe mtandaoni leo, chomoa au zima waifai yake. Hapo una njia tatu na kila moja ina gharama yake. Unaweza kuiacha ya kuchapia tu bila intaneti, lakini flashi za wateja zitaendelea kuleta virusi, kwa hiyo mafaili yake usiyahamishie kwenye ile nyingine bila kuyaskani kwanza. Unaweza kuiwekea Linux, mfumo mwingine wa kuendeshea kompyuta badala ya Windows, kuna aina kama Linux Mint zinaenda vizuri kwenye mashine za zamani na ni bure kihalali, shida ni kwamba wewe na msaidizi wako mtajifunza upya na baadhi ya dokumenti za Word zitasogea kidogo mkizifungua. Au unaiacha unatafuta mtumba unaobeba Windows 11. Kama hela haipo sa hivi mimi ningechagua Linux, kwa steshenari kazi nyingi ni kivinjari na kuchapa na hizo inaziweza.

Na ile ya Windows 10 nayo isikupitie, apdeti zake za kawaida zimeisha tarehe 14 Oktoba 2025. Microsoft walifungua mpango wa nyongeza kwa watu binafsi mpaka Oktoba 2026, angalia kwenye ukurasa wa Windows Update kama unapewa nafasi ya kujiandikisha, usiiache.

Ukiwa hapo hapo angalia kama Remote Desktop imewashwa, kama huitumii izime. Hiyo ndo poti 3389 niliyoitaja, na ni mlango wadukuzi wa kufunga mafaili wanaoupenda sana kwenye ofisi ndogo kwa sababu wakiukuta wazi wanakaa wanabahatisha paswedi usiku kucha, hawahitaji ujanja mwingine. Nawaona hapa Arusha wenye ofisi za utalii wanaoifungua ili meneja afanye kazi akiwa porini na wageni, halafu paswedi ni jina la kampuni na mwaka, inaniumiza kwa kweli. Ukitaka kuona mashine yako inasikiliza poti zipi andika netstat -ano kwenye lile dirisha jeusi, mistari yenye LISTENING ndo yenyewe, usishtuke ukiona nyingi, Windows ina zake za kawaida.

Ruta yenyewe, badilisha paswedi ya kuingilia kwenye ukurasa wake. Siyo ya waifai, ile ya admin. Mwaka 2016 kulikuwa na kirusi kinaitwa Mirai kilichokusanya laki kadhaa za kamera na ruta kwa kugonga poti 23 na kujaribu orodha fupi tu ya paswedi za kiwandani, kuingia hakikuhitaji ujanja mwingine. Zima pia WPS (kuunganisha waifai kwa kitufe au PIN) na UPnP (inayoruhusu programu za ndani kufungua poti za ruta zenyewe) na ruhusa ya kuisimamia ruta kutoka nje kama imewashwa.

VPN, ile huduma ya kupitisha intaneti yako kwenye njia iliyofichwa, mtu atakwambia ununue, kwa tatizo lako hili haisaidii kitu, anayekugusa yuko ndani.

Dada, sasa nikwambie ninachokiogopa mimi kuliko skani, manake nikinyamaza nitakuwa nimekujibu nusu. Steshenari nyingi za kwetu haziumizwi kupitia poti. Zinaumizwa na Windows au Office iliyokrakiwa kwa activator, programu ya kuifungua bila leseni, ambayo ili ikubali lazima kwanza uzime antivairasi, na humo humo ndani inakuja na programu ya kuiba paswedi zote ulizohifadhi kwenye kivinjari. Hapo faiwoli haisaidii kitu kwa sababu umemfungulia mwenyewe, na mwizi anatoka na data kupitia poti 443 kama tovuti nyingine yoyote. Fikiria mwanafunzi aliyekuja kujaza mkopo, paswedi yake imebaki kwenye Chrome yako, barua pepe yake bado iko wazi, picha ya kitambulisho chake iko kwenye desktopu. Yeye hata hajui. Kwa hiyo kwa wateja tumieni dirisha la siri la kivinjari na mlifunge kila mteja akiondoka, mkatae kivinjari kikiomba kuhifadhi paswedi, na mwisho wa siku mfute picha za vitambulisho pamoja na zilizobaki Downloads na Recycle Bin. Tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, taarifa za mteja siyo za kukaa kwako miaka kwa sababu tu hakuna aliyezifuta. Na bakapu ya kazi zako iwe kwenye diski ya nje ambayo ukimaliza kukopi unaichomoa, ikibaki imechomekwa siku ya kufungiwa mafaili nayo inafungwa.

Kupiga Windows upya sasa, ile laki na nusu. Kuna wakati ni dawa kweli, mashine ikithibitika imeambukizwa mimi mwenyewe nafuta na kuanza upya, sipotezi muda kusafisha. Lakini aliyekuomba hela anataka kupiga ile ya Windows 10, ambayo kwa unavyoeleza ndiyo inayojilinda, na hajauliza 104 ni nani. Akipiga upya leo na yule mwenye 104 akabaki, kesho ujumbe utarudi. Na akipiga kwa flashi yake yenye activator, utakuwa umelipia tatizo jipya.

Usimame na utafute mtu wa kuja kukaa na mashine ukiona mojawapo ya haya: mafaili yamebadilika majina hayafunguki na kuna ujumbe wa kudai pesa, antivairasi imezimika yenyewe na haikubali kuwaka, kuna jina la mtumiaji usilolijua kwenye Windows, au wateja wanakwambia akaunti zao zimeingiwa baada ya kutoka kwako. Hapo kata intaneti kwanza, usifute chochote, piga picha skrini kwa simu. Paswedi zako badilisha ukitumia kifaa kingine, siyo hicho hicho. Kama kuna hela imeguswa benki au kampuni ya simu iambiwe saa hiyo hiyo kabla ya yote, halafu polisi ukachukue RB. TCRA wana ofisi ya Kanda ya Kaskazini hapa Arusha, na TZ-CERT walio chini yao ndo kazi yao matukio ya namna hii. Ila wewe usijaribu kumskani aliyekuskani wala kuingia kwenye kifaa cha jirani hata kama una hasira naye, Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015 haimuulizi mtu nani alianza. Vifaa vyako kagua utakavyo.

Na fundi yeyote utakayemwita, wa Moshi au wa huku, kabla hujatoa hela mwambie akuonyeshe 104 ni kifaa gani na amejuaje, ukiwa umekaa pembeni yake unaona skrini. Anayejua kazi atakuonyesha ndani ya dakika chache.